Vipimo vya Shangazi

Shangazi hakupenda kupimwa mbele ya watu. Alisema fundi akishika tepu mdomo wake hufunguka wenyewe, na namba ikishatoka mdomoni mwa fundi inakuwa ya mtaa mzima. Kwa hiyo kamati ya wanawake ilipoamua kwamba sare za sherehe ya dada yangu zitashonwa mjini Koboko, aliniita chumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo, akasema, "Nipime wewe. Halafu peleka karatasi."

Nyumbani tunaongea Kilugbara, lakini baba alikuwa askari na Kiswahili kilibaki nyumbani kwetu hata baada ya yeye kuondoka, kwa hiyo sioni tabu kuyaandika maneno ya shangazi kwa lugha hii. Nilimpima. Alisimama akitazama kalenda ya kanisa ukutani, mikono ameinua kidogo kama mtu anayevuka mto. Kifua, inchi hamsini na sita. Nyonga, hamsini na nane. Niliandika bila kutamka. Hakuuliza na mimi sikumwambia. Nilipokuwa nakunja tepu alisema jambo moja tu.

"Sitaki gunia. Nataka kama ya wengine, ya kubana, yenye zipu mgongoni. Siku hiyo mimi ndiye nitakuwa mbele."

Katika ukoo wetu, siku wageni wanapokuja kumtaka binti, dada wa baba yake ndiye humshika mkono na kumtoa nje ya nyumba mbele ya watu. Wengine wote hufuata nyuma wakiimba. Shangazi alikuwa dada pekee wa baba, tumbo moja. Wazazi wetu walipofariki alituchukua sisi wawili, akatulea kwa samaki wakavu aliokuwa akiuza sokoni Arua. Dada akawa mwalimu, akapangiwa shule Koboko, akapata mchumba huko huko. Mimi nikaenda chuo Kampala, nikarudi na digrii. Shangazi hakupata mtoto. Hakuna binti mwingine ambaye shangazi angekuja kumshika mkono na kumtoa nje, isipokuwa mimi, na kuhusu mimi watu walikuwa wameanza kukata tamaa.

Naomba nieleze mwili wake bila kuficha, maana kuficha ndiko kulikonifikisha nilipo. Shangazi ni mnene sana. Alikuwa mnene nilipokuwa mtoto, na unene wake ndio niliousikia kwanza mgongoni aliponibeba. Sikujua kwamba ni jambo la kuzungumziwa mpaka nilipoanza kutembea naye mjini nikiwa mtu mzima.

Kwenye stendi ya bodaboda karibu na soko vijana wana utaratibu wa zamu. Abiria akija, aliye mbele ndiye anampakia. Shangazi akitokea, zamu inapotea.

"Zamu yako."

"Yangu wapi? Mimi nimetoka Dadamu sasa hivi."

"Mama, leo tairi yangu iko na upepo kidogo."

"Basi ilishe," shangazi angesema, akiweka kikapu chini. "Ikishiba uniite."

Wangecheka wote, kisha mmoja angempakia kwa nauli ya mtu na nusu, naye angepanda akiendelea kuwatania. Mimi ningebaki kando ya barabara uso ukiwaka moto. Nilikuwa nafikiri: ile nauli ya nusu mtu ni ya petroli, au ni ya kicheko? Kama ni ya petroli, mbona gunia la mihogo lenye uzito kama wake halitaniwi?

Kulikuwa pia na mama mmoja mwenye mgahawa. Shangazi akiingia tu, yule mama alikuwa anachukua viti viwili vya plastiki, anavipachika kimoja juu ya kingine, anaviweka mezani kabla hatujasalimiana. Mbele ya wateja wote. Mara ya kwanza nilitaka tutoke. Shangazi alikaa, akajinyoosha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu anajua kumpokea mtu." Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Kama kumtendea tofauti ni dharau, kwa nini yeye alipokea heshima? Na kama ni heshima, kwa nini mimi niliona aibu? Chuoni nilisoma maendeleo ya jamii, na kulikuwa na somo zima kuhusu haki. Nilitafuta kwenye simu kama mwenye biashara anaruhusiwa kumtoza au kumkataa mteja kwa sababu ya mwili wake. Nilipata mengi ya nchi za mbali, watu wakibishana kuhusu viti vya ndege. Kuhusu bodaboda za Arua sikupata kitu.

Mimi ndivyo nilivyo. Nafikiria jambo mpaka linachoka, kisha nalifanya vibaya.

Kamati ilinifanya mwandishi kwa sababu ya mwandiko wangu, na kwa sababu nilikuwa sina kazi. Nilikuwa natuma barua za maombi kwa mashirika ya Omugo, kwenye makambi ya wakimbizi, na wakati nasubiri majibu niliandika majina ya wanawake kumi na mmoja na vipimo vyao kwenye karatasi moja. Jina la shangazi nililiweka mwisho kabisa. Nikapanda gari asubuhi kwenda Koboko. Dada alikuwa darasani, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi peke yangu.

Fundi alikuwa na baraza pana karibu na soko, cherehani tatu, na penseli nyuma ya sikio. Mtoto wa askari kama sisi, na kazi yake ilikuwa na nidhamu hiyo: nguo zilizokwisha zimepangwa kwa mstari, karatasi za wateja zimetobolewa kwenye msumari. Wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri nguo zao. Mmoja, mwembamba, alikuwa analalamika kwamba blauzi inambana.

"Usiogope kunenepa," fundi alimwambia. "Mimi naacha inchi moja ndani, kila upande ya mshono. Ukinenepa unaleta, nafungua."

Nikaona kibao ukutani. Kilikuwa kipande cha boksi, kimeandikwa kwa kalamu nene: JUU YA 50, GAUNI PANA TU. YADI SITA. BEI INGINE.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa na ile karatasi mkononi, na namba ya mwisho ilikuwa kama inapiga kelele.

"Fundi, hiki kibao ni cha nini?"

"Kibao iko ya kusoma." Alinitazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Wewe naona umesoma sana."

"Naona si haki. Mtu alipe zaidi kwa sababu ya mwili wake?"

Aliacha kukanyaga cherehani. "Dada, kwa duka ya sukari, mutu akichukua kilo mbili, analipa ya kilo moja?"

Wanawake wa benchi walicheka. Nikasema kwamba sawa, kitambaa nimeelewa, lakini zipu je? Kwa nini mnene akatazwe mshono ambao wengine wanavaa?

"Nilishona," alisema. "Mama moja ya Arua. Alinililia mpaka nikashona. Zipu ikapasuka kanisani, wakati ya sadaka, iko katikati ya njia. Watu hawakusema mama alikula. Walisema fundi ya Koboko iko mubaya. Mpaka leo kanisa ile haileti nguo kwangu."

"Huyo mngempa zipu ya hema la Omugo," yule mwembamba alisema, na mwenzake akapiga makofi.

"Wacha wewe," fundi alimkemea, ingawa alikuwa anatabasamu. "Bibi yangu, mama ya watoto yangu, iko munene. Mimi napenda munene. Lakini mkasi haijui kupenda." Kisha akanigeukia mimi, bila utani sasa. "Kwa karatasi yako iko munene? Sema leo, niweke yadi sita kando. Hii kitambaa ilitoka Kongo mara moja tu. Nikigawa yadi nne nne kwa kila mutu, imekwisha, haiko ingine."

Swali lilikuwa wazi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu.

Nilichokifanya kichwani mwangu kilichukua labda nusu dakika. Nguo ya kubana ina mishono minne ya kwenda chini: miwili ya ubavuni, mmoja mbele, mmoja wa zipu. Kila mshono una pande mbili. Kila upande inchi moja ya akiba, amesema mwenyewe. Nne mara mbili, nane. Hamsini na nane kutoa nane ni hamsini. Hamsini siyo juu ya hamsini. Fundi angeshona ya hamsini yenye zipu, kama za wengine wote, mimi ningeipeleka kwa fundi mwingine Arua, angeifungua akiba yote kimya kimya, na shangazi angeivaa bila namba yake kutajwa popote. Hesabu ilikaa vizuri kiasi kwamba nilifurahi. Nilihisi nimepata njia ambayo mtu asiyesoma asingeiona.

"Nipe kidogo nirekebishe," nikasema. Nikaiweka karatasi gotini. Nane ilikuwa rahisi kugeuza kuwa sifuri, kwa kuizungushia wino. Sita pia.

Fundi alisoma orodha kwa sauti, kama shangazi alivyosema mafundi hufanya. Thelathini na nane. Arobaini na mbili. Arobaini. Kwenye jina la mwisho alisema, "Hamsini, hamsini," akanitazama.

"Hii iko namba ya kweli?"

"Kweli."

"Na munene ingine haiko?"

"Hakuna."

Akaitoboa karatasi kwenye msumari.

Miezi ile iliyofuata nilikuwa na furaha ya ajabu. Shangazi alifanya mazoezi ya kutembea. Jioni akitoka sokoni, kabla hajavua kitambaa cha kichwa, alikuwa anavuka ua wetu wa Dadamu polepole, mkono mmoja ameukunja kama ameshika mkono wa mtu. Akifika kwenye jiko anageuka. "Watu wanaharakisha," aliniambia. "Binti anatolewa kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mimi nitakwenda polepole, wamwone." Aliniuliza kama wageni wa Koboko watasimama upande gani. Aliniuliza kama zipu itakuwa ya rangi ya kitambaa au nyeusi. Nilimwambia ya rangi ya kitambaa.

Dada alileta sare siku ya Alhamisi. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Wanawake walijaribu nguo zao sebuleni kwa vigelegele, lakini shangazi alikunja yake, akaiweka kwenye sanduku. Alisema ataivaa siku yenyewe. Nilijua hakutaka kuvua mbele yao. Nilishukuru pia, kwa kuwa mpango wangu ulihitaji Ijumaa.

Ijumaa alipokwenda sokoni, niliitoa nguo sandukuni, nikaigeuza ndani nje. Nikaanza kutafuta akiba yangu.

Haikuwapo. Pembeni mwa kila mshono kulikuwa na kitambaa cha upana wa ukucha. Nilipitisha kidole mara nne juu hadi chini, mshono baada ya mshono, kama kwamba nimekosea pa kutazama. Nilimpigia dada, nikamuuliza kama fundi alisema chochote.

"Alisema kitambaa kilimbana," dada alijibu. "Yadi zile zile nne kwa kila mtu. Kwa hiyo kwenye nguo kubwa alikula akiba. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu."

Nilifunga nguo kwenye gazeti, nikaenda mjini kwa mwanamke mmoja anayeshona barazani. Alivaa miwani, akaipima nguo, akaitazama karatasi niliyoandika namba za kweli.

"Nani anavaa?"

"Shangazi yangu."

"Binti, inchi nane siyo kulegeza. Inchi nane ni nguo ya pili. Lete kitambaa kama hiki."

Nilizunguka soko zima. Wauza vitenge walikishika, wakakigeuza, wakasema waliwahi kukiona, lakini kimekwisha zamani. Nikarudi kwake na mikono mitupu. Alifikiri, akasema kuna njia: ataweka vipande vyeusi pembeni, kutoka kwapani hadi chini. Mikono ikishuka havitaonekana sana. "Lakini siwezi kukata kwa maneno yako. Mlete mwenyewe kabla sijafunga. Nimvishe, niweke pini juu yake."

"Nitamleta," nikasema.

Nilikwenda kweli mpaka kwenye meza ya shangazi. Alikuwa anafungia mteja samaki na kucheka. "Kesho msinitafute hapa," alikuwa anawaambia. "Kesho mimi ni mtu mkubwa, hata salamu zangu mtaomba ruhusa." Aliponiona alinyoosha shingo.

"Mbona jasho?"

"Jua."

"Na hicho?" Alionyesha gazeti kwapani mwangu.

Nilikuwa nimetunga sentensi njiani. Ilikuwa nzuri. Ilianza na habari za kitambaa, ikapita kwa fundi, na kufika kwake taratibu, bila namba. Lakini kwenye benchi lake walikuwa wamekaa wanawake watatu, na niliona kwamba sentensi ile, kwa namna yoyote nitakayoigeuza, mwisho wake ni mwili wake. Nikasema ni pazia. Nikasimama pale nikimsaidia kufunga samaki mpaka niliposikia maduka ya ng'ambo yanaanza kuteremsha milango ya mabati. Yule mshonaji wa miwani naye lazima alikuwa anafunika cherehani yake. Usiku niliirudisha nguo sandukuni.

Sasa naweza kuyaandika haya kwa mpangilio. Siku ile ilikuwa kama nimesimama ndani ya maji yanayopanda, na ninachofanya ni kuyapima.

Jumamosi wageni walifika mapema kuliko tulivyotegemea. Chumbani tulikuwa watano: shangazi, dada, mwenyekiti wa kamati ambaye ni rafiki wa shangazi wa kanisani, dada yetu wa ukoo kutoka Inde ambaye tunamwita shangazi pia kwa sababu ya umri wake, na mimi. Mwenyekiti, wa Inde na mimi tulikuwa tumekwisha kuvaa sare. Shangazi alitoa nguo yake sandukuni, akaipandisha kutoka miguuni. Ilifika kwenye nyonga, ikasimama.

"Ipitishe kichwani," mwenyekiti alisema.

Akaipitisha kichwani. Ilishuka hadi kwapani. Wawili walivuta kutoka chini, mmoja akashikilia juu, na mimi nilikuwa nyuma, kazi yangu ilikuwa zipu. Meno ya zipu yalikuwa mbali upande huu na ule, na katikati ulikuwa mgongo wa shangazi, mpana, unatoka jasho.

"Vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Vuta tena, mama."

"Hii niliyo nayo ndiyo yote."

Mwenyekiti alileta pini, akaziangalia pini zenyewe, akazirudisha kwenye kopo. Nje msemaji wa wageni alikuwa ameanza kutania kwenye kipaza sauti kwamba wametoka Koboko na njaa, na ua walilolifuata hawalioni.

Shangazi akakaa kitandani na nguo ile ikiwa imemkaba mabegani. "Nimenenepa," alisema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Miezi mitatu nimekula nini? Asubuhi chai. Mchana sikuwa nakula kila siku." Alianza kuhesabu kwa vidole mihogo, uji, harusi ya jirani ambako alikula nyama. Alijitafuta kosa kwa uaminifu, siku moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemzuia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, bado nimeshika zipu.

"Lakini yule fundi anashona na mapana," mwenyekiti alisema. "Kitambaa kile kile. Kwa nini hukuomba pana? Tungekuweka mbele na pana lako, nani angesema?"

Dada alianza kulia, akasema hatoki bila shangazi, hata kama shangazi atavaa gauni la kanisani. Mwenyekiti alimtazama shangazi, si dada. Tulikuwa tumekubaliana kwenye kikao, na mimi niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba asiye na sare haingii kwenye mstari. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kukataliwa kwa kanuni hiyo.

"Nikitoka na nguo nyingine hao wawili watasema nini?" shangazi aliuliza. "Hapana. Usiharibu uso wako na machozi. Huyu wa Inde akutoe."

Wa Inde alisema hawezi, hajajiandaa, huku mkono wake umekwisha kumshika dada.

Walipotoka, nilibaki kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke. Vigelegele vikapanda. Shangazi alikuwa bado amekaa.

"Angalia dirishani," akasema. "Nani yuko nyuma yao?"

"Mwenyekiti. Halafu wale wa Dadamu."

"Huyu wa Inde anatembeaje?"

"Haraka."

"Nilijua. Anadhani anawahi soko." Alijaribu kucheka. "Nivue hii."

Nilimvua. Nilimpa kitenge chake cha nyumbani, akajifunga. Nguo ya sare ilibaki sakafuni, na nilipoiokota nikaanza kusema. Sikutumia ile sentensi nzuri. Nilisema kwamba hakunenepa. Nilisema namba zake zilikuwa hamsini na sita na hamsini na nane, kwamba mimi ndiye nilizibadilisha, kwamba kulikuwa na kibao ukutani, na akiba, na nne mara mbili, na hamsini na nane kutoa nane. Nilimweleza hesabu yote. Nilipofika kwenye vipande vyeusi alinyoosha mkono ninyamaze.

"Fundi alisema nini aliposikia namba yangu?"

"Hakuisikia."

"Kwa hiyo hakunikataa."

"Kibao kilikuwa—"

"Nakuuliza yeye. Alinikataa?"

"Hapana."

Nje walikuwa wanaimba ule wimbo ambao binti anazungushwa mbele ya wageni.

"Ningekwenda Koboko," alisema. "Ningegombana naye siku nzima pale barazani, na wale wanawake wako wangecheka, na mimi ningewacheka. Labda angeweka zipu, labda asingeweka. Asingeweka, ningevaa gunia. Ningelalamika mpaka mchoke, lakini ningevaa." Alizungusha ncha ya kitenge kidoleni. "Nani alikuambia siwezi kusikia namba yangu?"

"Ulifunga mlango, shangazi. Ulisema hutaki watu wasikie."

"Watu. Nilisema watu. Wewe nilikuingiza ndani."

Nilimwambia anisamehe. Alisema ndiyo, haraka, kama unavyomjibu mtu anayekuuliza saa, na nikaona kwamba neno hilo halikubadilisha chochote chumbani. "Mafundi nimewazoea," alisema baadaye kidogo. "Wa boda nimewazoea. Kila mmoja najua nitamjibu nini. Wewe sikukuandalia jibu."

Mlango uligongwa. Mwenyekiti aliingiza kichwa, amejaa jasho na furaha, akasema mpiga picha anawataka wote wenye sare, upesi, kabla wageni hawajakaa kula. Alimtazama shangazi, akateremsha macho. "Na wewe," akaniambia.

"Nitabaki," nikasema.

"Nenda," shangazi alisema. "Wewe ndiye mwandishi. Nani atasema tulikuwa wangapi?"

Nilitoka. Jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa ananipongeza. Walikuwa wamepangwa mistari miwili, dada katikati, wa Inde kushoto kwake, na kulia kwake palikuwa wazi, kwa sababu hapo palikuwa pa shangazi na kila mmoja aliogopa kusimama. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye haraka, hamjui yeyote.

"Wewe dada uliyechelewa," aliita. "Ingia pale kulia kwa bibi harusi. Ziba hiyo nafasi."

Dada alinitazama, macho mekundu, akitaka nimwambie shangazi yukoje.

"Songa, songa," mpiga picha alisema. "Bado iko wazi. Songa tena."

Nikasonga.